Chuma cha Bi Kalunde

Koplo Wilbrod alifika Visiga na baiskeli yenye pancha, kanzu yenye tope, na chuma kimoja kilichofungwa kitambaa ndani ya mkoba wake. Ukikitazama hivihivi chuma chenyewe huoni ajabu: bangili nene ya kuenea kifundo cha mguu, imeliwa na kutu, na upande mmoja ina vishikio vitatu vilivyokatika. Lakini kwa ajili ya chuma hicho mwanamke mmoja alikuwa anakaribia kufungwa jela na kunyang'anywa shamba.

Mwanamke mwenyewe alikuwa uani kwake anafua nazi. Jina lake Sikudhani binti Saburi, mjane, mikono imara, mdomo imara zaidi.

"Karibu, bwana askari. Au nikuite shehe? Maana kanzu hiyo na huo msalaba shingoni vinagombana."

Wilbrod akausukumia msalaba ndani ya kanzu. Alikuwa askari kanzu, yule asiyevaa sare, na wakubwa zake wa Dar es Salaam waliamini kwamba mtu akivaa kanzu hatambuliki Uzaramo. Uzaramo nzima ilimtambua siku ya kwanza. Mchaga ni Mchaga tu, hata umvike kilemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza."

"Haya, uliza. Wanaofunga nao huanza hivyohivyo."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jirani yake, Mwinyimadi wa Kondo, alimshtaki kwa wizi wa nazi. Nazi hizo ziliangushwa kutoka minazi ya Sikudhani mwenyewe, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, naye mama alilirithi kwa mama yake, Bi Kalunde. Mwinyimadi akasema hapana. Kalunde, alisema, alikuwa mjakazi. Babu yake Mwinyimadi alimnunua Bagamoyo, akampa kipande cha kulima apate kula, basi. Mjakazi haachi urithi wa ardhi ya bwana wake. Kwa hiyo Sikudhani ni mwizi, na shamba lirudi kwa wenyewe. Na kama ushahidi akaleta kile chuma. "Hii ni pingu ya mguuni mwake," aliandikisha kituoni, "nayo iko nyumbani kwetu tangu siku alipozikwa." Baraza la Kisarawe lilikuwa likae Alhamisi kukata shauri.

Wilbrod aliyasoma maelezo hayo mara nyingi njiani, na kila mara aliishia kukwama kwenye yale maneno ya mwisho. Kwa nini siku alipozikwa? Pingu ya mtumwa hufunguliwa akinunuliwa, au akiachwa huru. Nani humwacha mtu na pingu mpaka kaburini?

"Bibi yako alitoka wapi?" aliuliza.

"Unyamwezi. Alikuja na msafara, kwa miguu yake."

"Nani alimnunua?"

Sikudhani aliiweka nazi chini. "Mimi nilimwona bibi yangu, bwana askari. Mrefu, hana haraka, na hakuna mwanamume wa hapa aliyempita njiani bila kumwamkia. Mjakazi huamkiwa hivyo?"

"Kuamkiwa siyo ushahidi, mama."

"Basi ushahidi ni nini?"

"Ni kitu ambacho Mwinyimadi mwenyewe hawezi kukikana."

"Mwinyimadi! Huyo siku hizi anakana hata kivuli chake."

"Mna ugomvi wa siku nyingi?"

Sikudhani alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Ugomvi? Tulikuwa tunachekana sisi. Akipita hapo njiani ananiita mzigo wa Wanyamwezi, nami namwita mtoto wa uji. Tangu nazi zipate bei hacheki tena. Wallahi, mtu aliyezoea kukucheka akinyamaza, funga mlango."

"Mtoto wa uji ndiyo nini?"

"Sijui. Mama alikuwa akimwita baba yake hivyohivyo, nami nikarithi."

Wakati huo mbuzi jike alikuwa amekuja kuula mkoba wa serikali. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba vyuma vya kutu vilivyolia cheke-cheke kila alipotikisa kichwa. Wilbrod akamsukuma kwa mguu.

"Mbuzi wako ana makelele."

"Akinyamaza ataliwa na chui. Bwana askari, nisikilize. Wazee wangu wote wamelala chini ya minazi hii. Nikifungwa nitarudi. Lakini nikiambiwa bibi yangu alikuwa mali ya mtu, nitarudi wapi?"

Wilbrod aliziba pancha yake kwa mpira na gundi, akaaga.

*

Shahidi wa Mwinyimadi alikuwa Misugusugu, mzee anayeitwa Mbaraka, fundi wa kusuka makuti. Hakuacha kusuka hata aliposalimiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mla ndizi. Keti hapo, usikalie makuti yangu."

"Umesema ulimwona Kalunde akiwa na mnyororo."

"Sikusema nilimwona. Nilisema nilimsikia. Nilikuwa mtoto mdogo. Chuma kilikuwa kinalia mguuni kwake akipita."

"Kinaliaje?"

"Kinalia kama chuma."

"Chuma cha sufuria hakilii kama cha shoka, mzee wangu. Kilikuwa kinaburuzwa? Kinagonga? Hebu nilizie."

Mzee Mbaraka akaacha kusuka. Akafumba macho, akaanza kutikisa kidole. "Cheke. Cheke. Cheke. Hivyo. Kila hatua."

"Hakikuburuzwa?"

"Hakikuburuzwa."

"Na nani alimshika mnyororo? Nani alikuwa mbele yake?"

"Hakuna. Alikuwa peke yake."

"Nyuma yake?"

"Nimekwambia peke yake! Nani angemfuata? Mama alikuwa akisikia tu ile cheke-cheke anatuvuta ndani anafunga mlango. Tena ulikuwa wakati mbaya, wakati wa ndui. Watu walikuwa wakifa huku na huku."

"Mama yako alimwogopa mtumwa aliyefungwa?"

Ilionekana wazi kwamba miaka yote hiyo mzee hakuwahi kujiuliza swali hilo.

"Sasa nani alikwambia kwamba ulikuwa mnyororo?" Wilbrod aliuliza kwa upole.

"Mwinyimadi. Alikuja hapa, akaniuliza kama nakumbuka chuma. Nikasema nakumbuka. Akasema, basi ndiyo mnyororo wenyewe." Akakuna kichwa. "Kumbe kijana kaniokota hivihivi!"

"Yuko mtu mwingine anayeukumbuka wakati ule wa ndui?"

"Amebaki Mwanne, Kisarawe, nyuma ya misheni. Yeye aliugua kabisa. Lakini ujiandae, ana ulimi yule."

*

Kutoka Misugusugu mpaka Kisarawe njia ni ya msitu, milima na mchanga, na baiskeli ilibebwa na mtu kuliko mtu alivyobebwa na baiskeli. Wilbrod alifika amechoka, na kabla hajafika misheni akakuta maziko.

Alivua kofia, akasimama kando kwa heshima. Mara mtu mmoja mwenye kofia ya reli akatoka mbio katikati ya waombolezaji, akaruka ndani ya kaburi lililo wazi, akajilaza chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Huyu alikuwa mchoyo, na nyinyi ni wachoyo! Leteni jogoo, la sivyo mzikeni kwingine!"

Wilbrod alikuwa askari kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alifika ukingoni, akanyoosha mkono. "Toka humo! Toka haraka! Nakukamata kwa kuvunja heshima ya maiti!"

Maziko yote yakaangua kicheko. Alicheka hata mjane, machozi yakimtiririka, akajishika mbavu.

"Mwache, baba," mama mmoja alimwambia akimvuta kanzu. "Huyo mtani wetu. Mnyamwezi wa reli. Anafanya kazi yake."

"Kazi gani?"

"Ya kutuvusha. Sisi tunalia, yeye anatuchekesha, ndipo tuweze kuzika. Wakifiwa wao, tunakwenda sisi."

Jogoo akaletwa. Yule mtu wa reli akatoka kaburini, akajikung'uta vumbi, na hapo uso wake ukabadilika. Ni yeye aliyempokea maiti na kumlaza, taratibu, kama anamlaza mtoto aliyesinzia. Wilbrod akaangalia mpaka mwisho. Kwao mlimani mtu akiingia kaburini kabla ya siku yake hupigwa.

Bibi Mwanne alikuwa amekwisha pata habari kabla mgeni hajafika mlangoni.

"Ndiye wewe uliyetaka kumkamata mtani?" Alikuwa kikongwe mdogo, jicho moja halioni, uso wote una makovu ya ndui. "Ee Mungu wangu! Serikali inatuletea vituko. Ingia, nicheke vizuri."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usinitazame kwa kuibia. Nitazame tu. Uso huu umeparuliwa na kuku, lakini ulipata mume."

Wilbrod aliketi kwenye kigoda. Alipofungua kitambaa na kumpa kile chuma, bibi hakukitazama. Alikipapasa kwa vidole, akavigusa vile vishikio vitatu vilivyokatika, kimoja kimoja, na ulimi wake wote ule ukanyamaza.

"Umekipata wapi?"

"Wanasema ni pingu."

"Pingu!" Akakikumbatia. "Hii ni njuga, mwanangu. Hapa palikuwa na vikengele. Wapagazi wa msafara walikuwa wakizivaa wakitoka bara. Hizi zilikuwa za mume wake Kalunde. Alikufa kwa ndui njiani, na mkewe akaambukizwa. Unajua msafara ulikuwa ukifanya nini na mgonjwa wa ndui?"

"Sijui."

"Ulimtupa. Walimtupa Kalunde pale Visiga, kando ya njia, na kibuyu cha maji, wakaenda zao pwani. Msichana tu. Hana mtu, hana lugha ya kuombea. Akapona. Usiniulize alivyopona. Alipona."

"Halafu?"

"Halafu ndui ikaingia kwetu. Wazee wakajenga kibanda msituni, kila aliyeugua anapelekwa huko, mlango unafungwa. Baba yangu mzazi alinipeleka, akaniacha, akakimbia. Simlaumu, alikuwa na wengine. Tulikuwa watoto wengi mle, tunanuka, tunalia. Siku moja tukasikia cheke, cheke, cheke. Mlango ukafunguliwa. Ni yule mwanamke wa kutupwa, na chungu cha uji kichwani."

Wilbrod hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini alikuwa anasikiliza tu.

"Ndui haimrudii mtu, na yeye alikuwa amekwisha iugua. Alijua hilo. Lakini wangapi walioijua habari hiyo na bado hawakuja? Alitulisha mmoja mmoja. Alituosha. Waliokufa aliwazika kwa mikono yake. Na akitoka kwetu kwenda kisimani alivaa njuga zote mbili, ili wazima wasikie, wapishe njia, wasiambukizwe. Watu walikuwa wakifunga milango. Hata yeye alikuwa akiwaambia, fungeni. Mwanamke yule! Watu waliompisha walimtukana, naye alikuwa anapiga kengele ili wasife."

"Na shamba, bibi?"

"Ndui ilipokwisha, pazi, mwenye mji, alimwita. Akamwambia, chagua ardhi popote, ni yako na ya uzao wako. Unajua alichagua wapi?"

"Visiga."

"Pale pale alipotupwa. Pazi akamwambia pale ni njiani, ardhi yenyewe mchanga mtupu. Akasema, ndipo hapo. Akipita mwingine aliyetupwa, amkute mtu."

Wilbrod alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Alisema ni jasho la baiskeli, na bibi kwa wema wake hakubisha.

"Njoo uyaseme hayo barazani Alhamisi."

"Barazani! Mwinyimadi atasema kikongwe kipofu, rafiki wa ukoo wa Kalunde, anapiga hadithi. Na wazee wa baraza ni wadogo zangu, hawakuwepo. Mdomo wangu hautoshi. Tafuta mwingine."

"Mle kibandani, ulikuwa na nani?"

"Wengi wamekufa. Aliyepona pamoja nami ni Kondo. Tulilala mkeka mmoja."

Wilbrod akasimama. "Kondo yupi?"

"Yupo Kondo mwingine? Baba yake huyo huyo Mwinyimadi. Kalunde alimbeba mgongoni akimrudisha kwao."

Wilbrod alizunguka kile chumba mara mbili, akagonga kichwa kwenye boriti, akarudi kukaa. Sasa alirudi kwenye yale maneno yaliyomkwamisha tangu mwanzo.

"Bibi, siku alipozikwa Kalunde ulikuwepo?"

"Nisingekosa."

"Nani aliingia kaburini?"

Jicho zima la Bibi Mwanne likang'aa. "Mla ndizi, wewe siyo mjinga. Kondo. Nani mwingine? Alilala humo akatukana Unyamwezi nzima. Njuga ya mguu mmoja akaing'ang'ania kabisa, akasema hairudishi mpaka apewe jogoo. Binti wa Kalunde akamwahidi jogoo baada ya mavuno, na mwaka ule wakaja nzige. Jogoo hakupatikana. Kondo akakaa na njuga yake, tukasahau."

"Na njuga ya pili?"

"Miguu ya mtu ni mingapi? Ilibaki kwa bintiye."

Wilbrod alikichukua tena kile chuma, akakitikisa. Kisha akasema polepole, "Cheke, cheke." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mbuzi!"

"Nani mbuzi?"

"Mimi, bibi. Mimi."

*

Alhamisi baraza la Kisarawe lilijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa Mzee Mwinjuma, Mzaramo wa hapo hapo, mtu wa maneno machache. Kulia kwake waliketi wazee wa baraza. Sikudhani alisimama kizimbani na kanga mpya, mgongo umenyooka. Mwinyimadi alikuwa mbele, kanzu yake nyeupe pe, na kwa haki ya Mungu alikuwa mtu mwenye sura nzuri, siyo jambazi. Alikuwa jirani aliyeona nazi za mwenzake zinauzwa vizuri.

Alieleza madai yake bila kigugumizi. Akainua kile chuma. Watu wakaguna. Sikudhani alikitazama kwa mara ya kwanza, akakunja uso.

"Koplo," hakimu alisema, "umepeleleza. Una la kuuliza?"

Wilbrod alisogea mbele. "Bwana Mwinyimadi, Kalunde alipokuwa hai, chuma hiki kilikuwa wapi?"

"Mguuni kwake."

"Nani alimvua?"

"Marehemu baba yangu."

"Siku ipi?"

"Siku ya maziko. Nimekwisha andikisha."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, kijana."

"Baba yako alikuwa wapi alipokichukua?"

"Makaburini."

"Kando ya kaburi, au ndani?"

Mzee mmoja wa baraza akakohoa. Mwinyimadi akamtazama Wilbrod kama anayeona kisima mbele ya mguu wake.

"Ndani," alisema.

"Alikuwa anafanya nini ndani?"

"Alikuwa… amelala."

"Anadai nini?"

"Jogoo."

Kicheko kilianzia madirishani, kikaingia ndani. Hakimu akainua mkono, kikakatika.

"Mwinyimadi," hakimu aliuliza mwenyewe, "baba yako aliwatania wafiwa wa Kalunde?"

"Ni desturi tu, Bwana Hakimu. Wale asili yao Wanyamwezi, na sisi Wazaramo ni…" Akasita. Alikuwa amekwisha jisikia.

"Maliza."

"Ni watani."

"Mjakazi wa nyumba yako akifa, mfiwa ni nani?"

"Ni bwana wake."

"Wewe uliyefiwa unaweza kuingia kaburini ujidai jogoo wewe mwenyewe? Unaweza kuweka rehani kitu chako mwenyewe, ungoje nani aje kukikomboa?"

Wazee wa baraza walianza kutikisa vichwa, na mmoja wao akanong'ona kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba hata yeye alikuwepo siku ile, na alicheka mpaka akaumwa tumbo, na mbona hakulifikiria hili. Hakuna aliyelifikiria. Walikuwa wamelizoea mno.

"Nina shahidi mwingine," Wilbrod alisema, "ila haapi."

Akatoka nje, akarudi akimvuta mbuzi wa Sikudhani, aliyekuja kwa miguu kutoka Visiga na hakupendezwa na safari. Cheke, cheke, cheke, mpaka mbele ya meza. Wilbrod alifungua kamba ya shingoni. Akaiweka ile njuga ya mbuzi kando ya "pingu". Bangili ileile, unene uleule, vishikio vitatu. Ya mbuzi vikengele vilikuwapo. Ya Mwinyimadi vilikuwa vimekatika.

Kule nyuma Mzee Mbaraka, shahidi wa upande wa pili, alisimama bila kuitwa. "Ndiyo hiyo! Hiyo sauti ndiyo niliyoisikia! Bwana Hakimu, nafuta mnyororo wangu!"

"Keti, mzee. Umefutwa."

Lakini Mwinyimadi hakuwa mtu wa kuanguka kwa teke moja. "Sawa, hakuwa mjakazi," alisema, jasho likimtoka. "Hata hivyo shamba ni la babu. Alimwazima mgeni. Kwa nini ukoo wetu umpe mwanamke wa njiani ardhi ya bure?"

Wilbrod alimgeukia. Hakupaza sauti.

"Uso wa marehemu baba yako ulikuwaje?"

"Ulikuwa na makovu. Ndui, utotoni."

"Aliuguzwa na nani?"

"Alisema aliuguzwa msituni. Hakupenda kuyazungumza."

"Hakukwambia chochote?"

"Uji tu." Mwinyimadi alisema hivyo bila kufikiri. "Kila akinywa uji wa mtama alikuwa ananyamaza, anasema, uji ule. Basi."

"Na huyu mama hapa, mlipokuwa mkitaniana, alikuwa akikuitaje?"

Mwinyimadi alimtazama Sikudhani.

"Mtoto wa uji," alisema.

Akakaa chini. Hakuna aliyemwambia akae. Wilbrod aliwaeleza baraza yale aliyoyasikia kwa Bibi Mwanne, kibanda, chungu, njuga, mgongo uliombeba Kondo, na ardhi ya mchanga kando ya njia. Alieleza kwa ufupi, kama askari. Akinamama wa madirishani walikuwa wanalia waziwazi.

Hakimu Mwinjuma alizungumza na wazee wake kwa muda mfupi sana.

"Mtu haibi nazi zake," alisema. "Shamba ni la Sikudhani binti Saburi, kama lilivyokuwa la mama yake na la bibi yake. Nami nasema zaidi, ingawa sikuulizwa. Kama tungekuwa na watu kumi wa namna ya Kalunde, nchi hii isingehitaji baraza. Kesi imekwisha."

Watu walipiga vigelegele, lakini Sikudhani hakushuka kizimbani. Aliinama, akafungua kapu alilokuwa amekuja nalo. Wilbrod alikuwa amemsimulia yote ya Bibi Mwanne alipokwenda kumwazima mbuzi, na alidhani anajua kila kitu katika kesi ile, lakini cha kapuni hakukijua.

Alikuwa jogoo.

Sikudhani alimchukua, akaenda naye mpaka alipoketi Mwinyimadi, akamsimamia.

"Mtani," alisema. "Mama yangu aliahidi baada ya mavuno. Nzige wamechelewesha. Pokea, unipe njuga ya bibi yangu."

Mwinyimadi alimwangalia jogoo muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na watu hawakujua kama ni kulia au kucheka mpaka alipoinua uso, wakaona ni vyote viwili.

"Jogoo gani huyu?" alisema, sauti imepasuka. "Amekonda. Amebebeshwa mizigo ya Wanyamwezi kutoka Tabora?"

"Mchemshie supu, mtoto wa uji. Ubadilishe mlo."

Baraza lilicheka hata mbuzi akashtuka. Mwinyimadi akampokea jogoo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamkabidhi njuga. Sikudhani hakuifunga ile iliyokatika vikengele. Aliichukua ile nzima, ya mbuzi, akainama mbele ya watu wote, akaifunga mguuni kwake. Kisha akatembea kuelekea mlangoni.

Cheke. Cheke. Cheke.

Chumba kilikuwa kimejaa, hapakuwa na njia. Wa kwanza kusimama na kupisha alikuwa Mwinyimadi.